Siyo FBI Walioniumbua Mikindani

Nianze kwa kukanusha. Sikukamatwa na FBI. Sikuruka ukuta wa uani. Na suruali haikulowa kwa hofu. Ile ilikuwa juisi ya ukwaju iliyomwagwa na mtoto, mashahidi wapo.

Nayasema haya kwa sababu jamaa yangu mmoja, tumwite Kipaza, ameniwahi kuwapa habari tangu Jumapili asubuhi. Tena kwa sauti ya WhatsApp, dakika 4 na sekunde 12, mwanzoni kaweka king'ora alichokipiga kwa mdomo wake mwenyewe. Sauti hiyo imefika Masasi, imefika Nachingwea, na jana shangazi yangu wa Newala, mwenye simu ya kitochi isiyopokea hata picha, kanipigia kuniuliza kama huko nilikofungwa wanaruhusu kuletewa chakula. Basi leo naandika. Kipaza aliondoka mambo hayajaiva, alichonacho ni nusu tu, na ni ile nusu nafuu.

Mwezi uliopita nilipeleka posa Mikindani. Mliokuwa hamjui, ndiyo mmejua. Sasa mliozaliwa Kusini hamhitaji kuelezwa: baba wa binti mnaweza kuelewana, mkala sahani moja, mkacheka, lakini mwenye kauli ni mjomba. Mjomba akikohoa kikao kinasimama. Na mjomba niliyejaliwa mimi ni askari polisi mstaafu. Amestaafu kazi, uaskari bado yupo nao. Ukimwamkia, kabla hajaitikia marahaba anakutazama kwanza viatu.

Kikao cha mahari kilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ningebanwa kidogo ningetoka pale nimenyamaza. Lakini walikuwa wapole, wali ulikuwa wa nazi, na Mjomba kwa kinywa chake akalalamika kwamba jioni za Mikindani siku hizi hazina hata sinema ya maana, na CD zenyewe zinazouzwa ni za kuungaunga, ukifika patamu inakwama. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mjomba, mimi ninayo orijino. Ya Marekani. Jumamosi nitawaletea na projekta kabisa."

(CD ninayosema ni DVD, huku kwetu zote tunaziita CD. Najua mnataka kuuliza nani anaangalia CD siku hizi. Mjomba anaangalia. Fleshi anaamini ni mdudu wa kubeba virusi, na sinema ya kwenye simu anasema ni ya kuangaliwa na mtu mwenye siri.)

Hiyo CD aliniletea dada yangu, ameolewa huko Marekani, alikuja Desemba likizo. Alinikabidhi kama anayenikabidhi hati ya kiwanja. "Kaka, hii nimenunua dukani, halali, na risiti ninayo." Nikaiweka kabatini miezi yote hiyo kwa heshima. Ijumaa usiku ndiyo nikaifungua, na hapo ningetakiwa kuona dalili. Kwanza nailoni iliyobana kama ngozi ya ngoma. Chini ya nailoni, stika ndefu ya gundi upande wa juu. Ukiitoa hiyo, kuna nyingine ubavuni. Na nyingine. Nilitumia kucha, nikatumia wembe, nikaenda kwenye kisu cha samaki, mwisho nikamalizia na jino. Nikajiuliza, hivi mwizi wa kukopi sinema anazuiwa vipi na gundi? CD ya stendi unaichomoa kwenye mfuko wa nailoni kama andazi.

Jumamosi nikakodi projekta kwa MC mmoja wa mjini, shilingi 30,000, na spika mbili. Bajaji mpaka Mikindani, mimi na Kipaza, projekta nimeipakata kama mtoto mchanga. Mama mkwe akatoa shuka lake jeupe, la kitanda cha wageni, tukalitandaza ukutani barazani. Nilitegemea watu 8. Baada ya Isha nikageuka nikakuta uwanja mzima umejaa: wazee kwenye viti vya plastiki, kina mama kwenye mikeka, watoto mchangani, na kijana muuza pweza kasogeza meza yake na kibatari chake pembeni kabisa ya shuka. Harufu ya korosho za kubanika imetanda. Mchumba wangu kakaa na shangazi zake, kajifunga khanga mpya, ananitazama kama mtu aliyeolewa tayari na waziri. Kumbukeni huo mtazamo, nitaurudia.

Nikaitia CD kwenye deki ya Mjomba. Deki ya jina kubwa, siyo ya Kichina, na yeye mwenyewe alinisisitizia hilo mara mbili. CD ikazunguka, ikanguruma, ikatulia. Kwenye shuka ikatokea sentensi moja ya Kiingereza.

Mjomba akaisoma akaitafsiri: "CD hii hairuhusiwi kuchezwa katika eneo lako."

Kimya. Halafu mzee mmoja mwenye baraghashia akauliza, kwa utaratibu kabisa, "Wamejuaje kama tupo Mikindani?"

Naomba niwaeleze nilichokuja kukisoma Jumapili nikiwa nimejifungia ndani, kwa sababu Jumamosi yenyewe nilikuwa sijui kitu, nilichojua ni kuifuta CD kwa shati na kuirudisha. Wenye sinema waliigawa dunia kwa kanda. Siyo kanda za mkanda wa video, kanda kama unavyosema Kanda ya Kusini. Marekani na Canada ni kanda ya 1. Ulaya na Japani, ya 2. Sisi, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, tumewekwa ya 5, kapu moja na Wahindi na Warusi. China wana ya 6 peke yao. CD inabeba namba yake, deki inabeba namba yake, zisipolingana hakuna sinema. Lengo lilikuwa kuuza kila upande kwa wakati wake na kwa bei yake. Na chekeni vizuri hapa: deki nyingi za Kichina za bei poa hazijali hizo namba, zinameza chochote kama mbuzi. Deki ya heshima ndiyo inayochagua.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mchumba, ni mwalimu wa sekondari, ana kompyuta ya mapajani ya mtumba kutoka Uingereza, nzito kama tofali, ina na mlango wa CD. Akaileta kwa moyo mmoja. Nikaunganisha, nikatia CD. Kikatokea kiboksi: kompyuta hii ipo kanda ya 2, CD ni ya kanda ya 1, unataka kubadilisha? Umebakiwa na mara 2.

Shemeji akaniuliza, "Umebakiwa na mara 2 maana yake nini?"

Nikamjibu, na jibu hili linaniamsha usiku: "Hiyo kawaida tu, shem. Kompyuta zinapenda kutisha watu."

Kumbe kifaa cha kusomea CD kinapotoka kiwandani kinapewa nafasi 5 za kubadili kanda. Zikiisha kinabaki pale kilipofikia mpaka kife, hata ukifuta kompyuta yote ukaanza upya. Huko Uingereza na kwingineko ilikopita wenyewe walishazila 3. Nikabonyeza ndiyo. Ikabaki 1.

Na CD ikakubali! Shuka likawa jeusi, likawa bluu, halafu ikatokea nembo kubwa ya duara na zile herufi 3 ambazo hata asiyejua kusoma anazijua kwa ajili ya sinema. FBI.

Watu wakapiga makofi. Walidhani sinema imeanza.

Mjomba hakupiga makofi. Aliinuka polepole, akavaa miwani, akasogea mpaka kivuli cha kichwa chake kikaingia kwenye nembo. Mimi nikakimbilia kibodi kurusha mbele. Nikabonyeza. Kikatokea kiandishi: kitendo hiki kimekatazwa na CD. Nikabonyeza tena. Kimekatazwa. Ndugu zangu, niliposema "orijino" ndiyo hii maana yake: ile ya wizi unarusha unavyotaka, ile uliyonunua kwa pesa yako inakukalisha chini usome kwanza onyo la wezi.

"Kijana," Mjomba akasema bila kugeuka, "unaruka onyo?"

"Hapana Mjomba. Naongeza sauti."

Onyo lenyewe halina sauti.

Akaanza kulisoma na kulitafsiri, kwa ile sauti ya kusomea mashtaka. Kunakili au kusambaza kazi hii bila idhini ni kosa la jinai. Hata pasipo faida ya fedha, hapo akanyanyua kidole, hata pasipo faida ya fedha, linachunguzwa na FBI, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5 katika gereza la shirikisho na faini ya dola 250,000.

"Dola 250,000 ni gunia ngapi za korosho?" akauliza mtu gizani.

Kijana mmoja wa chama cha msingi akatoa simu akaanza kupiga hesabu, na msimu huu bei mnaijua wenyewe inavyopanda na kushuka kila mnada, kwa hiyo wakaanza kubishana watumie bei ya mnada upi. Mama mkwe kwa upande wake aliniita kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa: "Baba, hao wenzetu umewakosea nini?"

Ikaja skrini ya pili, Kifaransa. Mjomba Kifaransa hajui. Alibaki amesimama wima mpaka kikaisha, kama wimbo wa taifa.

Ikaja ya tatu, Kiingereza tena, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Akatafsiri: CD hii ni kwa matumizi ya nyumbani tu, ni marufuku kuionyesha hadharani. Akageuka. Akawasha tochi ya simu. Akaanza kuhesabu watu.

Alipata 43, akimjumlisha mtoto aliyekuwa ananyonya.

"Nyumbani maana yake watu wa nyumbani," akasema. "Nani hapa siyo wa nyumbani?"

Sasa hilo ni swali la kuulizwa Mikindani? Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Yule ni mtoto wa dada wa bibi yao, huyu kanyonya ziwa moja na baba yao, wale wawili wamepanga chumba cha uani tangu hawajaota ndevu. Nyuma ya mjadala, matangazo ya sinema nyingine yalikuwa yanapita moja baada ya jingine, nayo hayarukiki, mlipuko baada ya mlipuko. Wakabaki kwa muuza pweza.

"Na huyu?"

"Huyo mtani wetu," akasema shangazi mmoja.

Mjomba akafikiri. "Mtani ni wa nyumbani. Akae. Lakini pweza asiuze mpaka sinema iishe, isije ikawa biashara." Halafu akatukumbusha kwamba tusidhani ni Wamarekani tu, hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999.

(Mwaka huohuo 1999, nimesoma pia Jumapili, kijana wa Norway wa miaka 15, Jon Lech Johansen, na wenzake walikuwa wametoa programu ya kufungua kufuli la hizo DVD. Alishtakiwa, na 2003 mahakama ikamwachia. Yaani kufuli lenyewe lilishafunguliwa na mtoto, zamani hizo, mimi nasoma shule ya msingi. Aliyekuwa bado amesimama mlangoni ni mimi mwenye risiti.)

Na ndipo umeme ukakatika.

Hapa ndipo Kipaza alipoondoka. Alisema anawahi bajaji ya mwisho ya kurudi mjini. Kwa hiyo habari yake inaishia na mimi nimesimama gizani baada ya FBI kunisomea mashtaka, na kusema kweli ingeishia hapo ningekuwa nimelala usingizi wiki hii.

Giza lilikaa kama nusu saa. Watu hawakuondoka, pweza aliuzwa kwa magendo. Kompyuta ilikuwa na chaji, na mtoto wa shemeji, bwana mdogo wa miaka 5, akaisogelea, akatoa CD yangu, akatia yake ya katuni. Hizo katuni zilikuja na kompyuta kwenye boksi lile lile la Uingereza. Kikatokea kiboksi. Mtoto hajui kusoma. Lakini alikuwa amenitazama vizuri mjomba'ake mtarajiwa anavyofanya na viboksi: akabonyeza ndiyo. Katuni ikaanza, watoto wakashangilia, na mimi mwenyewe nikamshika kichwa nikamwambia hongera, fundi.

Umeme uliporudi nikatia CD yangu. Kompyuta ikaandika: kanda ya 2. Mabadiliko yaliyobaki: 0.

Nilibonyeza kila kitu. Nilizima nikawasha. Nilimwomba shemeji aniletee pamba na spiriti. Watu 43 wa nyumbani wananitazama, mchumba anatazama khanga yake. Juisi ya ukwaju ilimwagika hapa, na ni kweli nilikuwa nimesimama vibaya.

Mjomba akanihurumia. Naapa, alinihurumia, na huruma yake ndiyo iliyoniua. "Acheni kijana apumzike," akasema. "Nileteeni ile yangu ya zamani, ipo uvunguni. Inakwama kidogo lakini haina maneno mengi."

Wakaja na mfuko wa rambo, zile za zamani kabla hazijapigwa marufuku, umefungwa fundo. Akaufungua. Ndani kuna CD moja, imeandikwa kwa kalamu ya maka. Akaishika kwa kingo, kistaarabu, akaimulika tochi aone upande upi ni upi. Akawa anaipeleka kwenye deki. Mkono ukasimama njiani.

Akairudisha. Akaimulika tena.

Mimi nilikuwa kama hatua 3 kutoka kwake. Nikaiona.

ORIJINO KOPI. 20 KWA 1. MAKOMANDOO MCHANGANYIKO.

Sasa nyie mlionisoma siku nyingi hili mnalijua na mlishawahi kunicheka: mimi nikiandika herufi I kubwa, juu yake naweka kiduara. Herufi kubwa haina nukta, najua, mwalimu alinichapa sana na haikusaidia. Na mlichokuwa hamkijui, kwa sababu tangu nifungue kibanda cha simu sijawahi kukitaja, ni kwamba kabla ya stika za kodi za TRA kuanza kwenye CD nilikuwa nauza CD pale stendi ya Mtwara. Mmachinga wa kuzaliwa na wa kazi. Nakopi usiku, naandika kwa mkono, nauza asubuhi.

Juu ya ORIJINO, kiduara. Juu ya KOPI, kiduara. Juu ya MCHANGANYIKO, kiduara kikubwa, siku hiyo lazima nilikuwa na furaha.

Nikajiambia hawezi kujua. Atajuaje? Herufi ni herufi. Nikaanza hata kutabasamu.

Mjomba akaita, taratibu, bila kuondoa macho kwenye CD: "Mama, hebu kaniletee ile barua ya posa. Kwenye faili la kijani, juu ya kabati."

Na aliyemwita "mama" ni mchumba wangu.

Alikwenda. Nilisikia mlango wa chumba. Nikasikia kiti kinavutwa, maana kabati ni refu. Nikasikia faili linapigwa vumbi. Spika zangu za kukodi zilikuwa zinavuma tu, mmm, na hakuna aliyezizima. Barua ya posa kwa kawaida huandikwa na mzee, lakini mimi nilijifanya wa kisasa, nikaiandika mwenyewe kwa mkono wangu, herufi za kupamba, kwa kalamu ya bluu. Alirudi nayo. Alipokuwa anampa Mjomba alinitazama, na ule mtazamo wa mke wa waziri haukuwepo tena.

Mjomba akakaa. Akaweka barua goti la kulia. Akaweka CD goti la kushoto. Akamulika kulia: YAH: MAOMBI YA POSA. Akamulika kushoto. Akarudi kulia. Kidole chake kikawa kinatembea chini ya mistari, KWA HESHIMA NA UNYENYEKEVU, kikafika kwenye I, kikasimama. Kikaenda kushoto, kikasimama.

"Mkono mmoja," akasema.

Hakuna aliyeelewa ila mimi na yeye.

"2012," akaendelea, kama anayejisomea maelezo ya shahidi. "Stendi. Nilikwenda kwa nguo za kiraia. Kijana mwembamba, shati jekundu. Nikamuuliza, hii nzima? Akaniambia, mzee wangu, ikikwama nirudishie kesho asubuhi nipo hapahapa. Ikakwama sinema ya 7. Kesho asubuhi nikaenda." Akavua miwani. "Hakuwepo."

Nilitaka kusema nilikuwa nimehama meza. Ni kweli, nilihama meza. Nilihamia ng'ambo ya barabara kwa sababu ya watu kama yeye. Lakini kilichotoka mdomoni, na naomba muelewe kwamba nilikuwa nimechoka, ni hiki: "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," akasema, na akanitazama viatu.

Mengine ni ya haraka. CD yangu ya wizi iliingia kwenye deki ya heshima na ikacheza palepale, haina onyo, haina kanda. Ilirekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema huko ughaibuni, kwa hiyo katikati kuna mtu anainuka na kichwa chake kinakatiza skrini kwenda msalani. Watoto wa Mikindani wanamjua, walimshangilia kwenda na kurudi. Sinema ya 7 ikakwama kama kawaida yake. Shuka nimelifua mwenyewe. CD ya dada amebaki nayo Mjomba, anasema ni kielelezo. Posa haijavunjika, mchumba anapiga simu kila jioni akiwa anacheka, na hawezi kumaliza sentensi. Kwenye mahari kimeongezwa kipengele kimoja, kimeandikwa "fidia ya sinema ya 7", kiasi sitakitaja hapa kwa sababu Kipaza naye anasoma.

Kilichobaki ni barua ya kuomba radhi. Mjomba anaitaka kabla ya Ijumaa, iandikwe kwa mkono wangu, herufi kubwa tupu. Nimeketi nayo tangu mchana. Nimeshachana karatasi 6. Neno lenyewe ni RADHI, nalifikia vizuri, naliandika taratibu kabisa kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja, nainua kalamu, nashusha pumzi, nikiangalia kiduara kipo.